Swali la Kumi na Saba

Kaa kwenye ndoo, Bi Nyamizi, nimeifuta.
Fungua karatasi zako. Uliza.

Jina: Mwinshehe Pazi.
Umri: miaka sita, ila nguo ni za mwenye mitatu.
Kilo, siku mliyompima kwa mara ya kwanza: kumi na mbili na nusu,
na hiyo nusu ilikuwa tumbo.

Magonjwa aliyotibiwa kabla.
Nafasi hiyo inatosha?
Minyoo, mara tano. Amiba. Taifodi,
mara ngapi, kaulize duka la dawa.
Maji yakalaumiwa, nikachemsha hata ya kunawia.
Bibi yake wa Mbagala akasema ni chango,
akamfunga uzi mweusi kiunoni.
Uzi ukalegea, tukaukaza,
ukalegea tena.
Jirani akasema nalisha Tandika nzima, wangu namnyima.
Hilo usiandike.
Au andika, lilisemwa.

Alikuwa akila nini?
Asubuhi andazi la moto,
akitoka shule andazi la baridi,
usiku akilia, chapati,
naichovya kwenye chai ili ipite.
Alivyozidi kukonda
ndivyo nilivyomwongeza.

Mkatoa damu. Mkatoa kinyama cha utumbo,
kidogo kuliko chenga ya mchele.
Daktari akanichorea nyuma ya kadi ya kliniki:
utumbo wa wenzake umesimama manyoya kama taulo jipya,
wa Mwinshehe umelala
kama taulo la gesti.
Siliaki, akasema. Jina kama mgeni aliyekosea nyumba.
Akasema huku hauonekani kwa kuwa hautafutwi.
Asile ngano, akasema, wala shayiri.
Mimi nikasikia shairi.
Nikacheka, Bi Nyamizi, nikacheka hadi nesi akachungulia:
mwanangu kakatazwa mkate na mashairi!
Kilio kilinikuta nje, kwenye foleni ya dawa,
pale nilipoambiwa dawa hakuna,
dawa ni kuacha.

Swali la kumi na saba. Chanzo cha kipato cha kaya.
Mbona kalamu imesimama? Umeliona karai.
Ndiyo. Maandazi.
Kilo tano za ngano kila alfajiri, miaka tisa.
Maandazi yamelipa kodi, yamenunua sare,
na kanga niliyombebea ilikuwa nyeupe kwa unga.

Sasa napika vitumbua.
Lakini mashine ya kusaga ina koo moja:
watu wanasaga humo unga wa lishe,
na lishe yao ina ngano.
Basi nafika wa kwanza, kabla jua halijatoka,
natanguliza kilo ya mahindi ikasafishe njia,
hiyo wanakula kuku,
ndipo namimina mchele wangu.
Karai jipya, mafuta mapya, mwiko una alama ya rangi ya kucha.
Wateja? Nusu walirudi.
Masaki kuna unga wa maboksi usio na gluteni.
Nilisoma bei, nikaurudisha rafuni taratibu
kama mtoto wa watu.

Idi alisimama mlangoni kwa jirani, mikono nyuma,
sinia la tambi linapita.
"Mimi nimekatazwa," akasema,
kwa sauti ya mzee mwenye sukari.
Nilimkaangia mihogo. Akala. Hakunitazama.
Hilo lina kisanduku?

Kilo za leo utazipima mwenyewe, amejificha chumbani,
anadhani umekuja na sindano.
Viatu vya Januari havimwingii.
Na ule uzi wa bibi yake,
juzi ulimbana, umeacha alama mwilini.
Nikaukata kwa meno.

Bibi yake anasema ni uzi uliofanya kazi.
Wewe mtafiti. Mwambie wewe.
Mimi nina mchele kwenye maji.